Maswali Yenu: Oksijeni Ikizidi Ndani ya Pango

Haya wadau karibuni tena. Toleo lililopita niligusia kidogo tu kwamba oksijeni hii hii tunayoililia hospitali inaweza kumuua mpiga mbizi, nikaruka nikaenda kwenye mambo ya maski na mapezi, kumbe nimechokoza nyuki. Meseji zimekuja za kutosha, zingine za watu wanaodaivu kila siku, zingine za watu ambao hata kuogelea hawajui ila wanapenda kujua (nyie ndo nawapenda zaidi, mnauliza bila kuogopa). Nimechagua hizi. Karibu zote zinahusu mapango ya kina kirefu maana huko ndo oksijeni inaonyesha makucha yake, basi tukae hukohuko.

SWALI: Shikamoo kaka. Mimi ni daivi masta Nungwi, tunapeleka wageni Mnemba na Leven Bank, naitroksi (hewa iliyoongezwa oksijeni) natumia vizuri tu. Kuna mgeni wetu mmoja kanishawishi niende naye Mexico nikafanye kozi ya mapango halafu baadae ya trimiksi (mchanganyiko wa oksijeni, heliamu na naitrojeni). Kila ninachosoma nakutana na 1.4 na 1.6, nimezikariri tangu kozi ya naitroksi ila sijui zimetoka wapi, na je pangoni zinabadilika? — Kijana wa Nungwi

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na hongera, ila kabla hujalipia tiketi soma hii yote.

Mwili haujali asilimia iliyoandikwa kwenye mtungi, unachojali ni presha ya oksijeni yenyewe inayoingia mapafuni. Hewa ya kawaida ina oksijeni asilimia 21, juu ya maji presha ni bari 1, kwa hiyo unavuta oksijeni ya bari 0.21, na hizo 1.4 na 1.6 zako nazo ni bari za oksijeni. Kila mita 10 unazoshuka unaongeza bari 1, mita 30 ni bari 4, zidisha unapata 0.84. Ukichukua ile naitroksi 32 yako (oksijeni asilimia 32), mita 30 ni 1.28, uko salama, ila pale Leven Bank mgeni akivutiwa na papa mkamfuata mpaka mita 40, hapo ni 5 mara 0.32, tayari mko 1.6 na nyie mnajiona mnatazama samaki tu.

Sasa hizo namba zimetoka wapi. Mwaka 1878 mwanasayansi wa Kifaransa, Paul Bert, alionyesha kwamba wanyama wakivutishwa oksijeni yenye presha kubwa wanapigwa degedege mpaka wanakufa. Ikakaa hivo miaka mingi, ikaja Vita Kuu ya Pili, jeshi la maji la Uingereza likaanza kuwapa vijana vifaa vya oksijeni tupu visivyotoa mapovu ili adui asiwaone, na vijana wakaanza kuzimika chini. Daktari wao Kenneth Donald kati ya 1942 na 1945 akafanya majaribio mengi mno kwa binadamu wenyewe, ndani ya matenki ya maji, na wale wapiga mbizi wakaligeuza balaa lao kuwa zimwi linaloishi chini ya tenki, wakaliita Oxygen Pete.

Kitu alichokiona Donald ndo ambacho wengi hawakitaki mpaka leo. Mtu mmoja yuleyule, kina kilekile cha mita 21, oksijeni tupu, wakamrudia mara nyingi kwa siku tofauti: siku moja dalili zilimjia baada ya dakika 7, siku nyingine alikaa dakika 148. Mtu yuleyule! Na akaona kwamba ndani ya maji mtu anakamatwa mapema kuliko kwenye chemba kavu (chumba cha presha kisicho na maji), na akifanya kazi ya nguvu anakamatwa mapema zaidi. Kwa hiyo mtu akikwambia "mimi 1.6 naistahimili, nshazoea" mwambie akamsome Donald, jana ulistahimili leo hujui.

1.4 na 1.6 basi ni makubaliano ya watu wazima baada ya kuhesabu maiti. Taasisi ya Marekani inayoitwa NOAA ikatoa jedwali: ukiwa 1.6 usizidishe dakika 45, ukiwa 1.4 usizidishe dakika 150 kwa mbizi moja, na kompyuta yako ya mkononi ile asilimia ya CNS (kipimo cha oksijeni inayoelemea ubongo) inayokuonyesha inatokana na jedwali hilo. Desturi iliyozoeleka ni 1.4 wakati unaogelea, 1.6 wakati umetulia unafanya deko (kusimama vituo vituo ukipanda ili gesi iliyoingia mwilini itoke).

Pangoni namba hazibadiliki, kinachobadilika ni adhabu. Leven Bank ukizimika, mwenzako akikuwahi anakupandisha, juu kuna boti. Pangoni juu ni mwamba, kutoka ni kurudi mita mia kadhaa kwa kufuata kamba, na mtu mwenye degedege regyuleta (kifaa cha kupumulia) inamtoka mdomoni, anameza maji, basi. Degedege lenyewe haliui mara nyingi na ubongo unarudi sawa kabisa, kinachoua ni maji. Halafu kuna suala la muda. Reef yako unakaa dakika 45 umemaliza, ila Florida kwenye chemchemi za Wakulla, mwaka 2007 Jarrod Jablonski na Casey McKinlay waliingia shimo la Turner Sink wakatokea Wakulla, karibu kilomita 11 chini ya ardhi, kina cha mita 90 hivi, na deko yao ikachukua masaa mengi kuliko safari yenyewe. Masaa yote hayo unavuta oksijeni nyingi, lile jedwali la NOAA unalipita mara kadhaa, ndo maana wazoefu wa huko siku hizi wanapanga gesi ya chini isizidi 1.2, akiba yote ya oksijeni wanaiachia kwenye deko, na hata kwenye deko kila baada ya dakika kadhaa za oksijeni tupu wanarudi kwenye gesi yenye oksijeni kidogo kwa dakika tano sita, mwili upumzike, halafu wanaendelea.

Na ukifika kwenye trimiksi utakutana na jambo litakalokushangaza. Mita 100 ni bari 11. Ukitaka usizidi 1.2 oksijeni yako iwe asilimia 10 hivi, iliyobaki heliamu nyingi na naitrojeni kidogo. Gesi hiyo chini ni tamu kabisa, lakini ukiivuta ukiwa juu ya maji ni 0.10, unazimika umesimama kwenye ngazi. Mtungi mmoja, ukiuvuta juu unakufa kwa kukosa, na ukikosea ukauvuta chini mtungi mwingine wenye oksijeni nyingi unakufa kwa kuzidi. Kwa hiyo lazima kuwe na gesi ya safari ya kukushusha mita za mwanzo. Nenda Mexico mdogo wangu, ila usiunganishe kozi ya pango na ya trimiksi mwaka mmoja, nasema kama kaka.

SWALI: Kwani wapiga mbizi si wote wanabeba mitungi ya oksijeni? Hata kwenye habari za wale watoto wa Thailand waliokwama pangoni walisema hivyo. — Msomaji, Morogoro

JIBU: Wanahabari ndo walisema hivo. Mitungi mingi iliyoingizwa kwenye pango la Tham Luang mwaka 2018 ilikuwa ya hewa ya kawaida iliyoshindiliwa, ndo inayotumika kwa mbizi za kawaida dunia nzima. Oksijeni tupu mwisho wake ni mita 6, pale inakuwa 1.6. Tatizo la watoto wale lilikuwa la upande wa pili, kule ndani walikojibanza hewa ilishachoka, maofisa walisema oksijeni imeshuka mpaka asilimia 15 hivi. Na Saman Kunan, yule mwanamaji mstaafu wa Thailand aliyefariki tarehe 6 Julai, alikuwa anatoka kupanga mitungi njiani.

SWALI: Habari kaka, mimi ni nesi. Nilisoma kwamba mpiga mbizi akipata ugonjwa wa presha ya kina anawekwa kwenye chemba na kupewa oksijeni ya 2.8. Sasa wewe unasema 1.6 ni mwisho. Mbona sisi tunampa mgonjwa karibu mara mbili na hafi? — Nesi, Dodoma

JIBU: Nesi wangu umeuliza swali ambalo mainstrakta wengi linawatoa jasho.

Ni kweli, jedwali namba 6 la jeshi la maji la Marekani linaanza na presha ya mita 18, oksijeni tupu, 2.8. Ila angalia mazingira. Mgonjwa kalala, mkavu, hafanyi kazi yoyote, anavuta dakika 20 halafu anapumzishwa kwa hewa ya kawaida dakika 5, kisha tena. Na ndani yupo mtu kama wewe anayemtazama usoni. Akianza kutetemeka midomo unamtoa maski, basi, anarudi kwenye hewa. Hata degedege likimshika hamezi maji, anaumia kidogo labda kang'ata ulimi.

Mpiga mbizi yuko majini, anapiga mapezi, baridi inamtafuna, kifaa kinambana kifua. Akifanya kazi hewa chafu ya kabonidayoksaidi inapanda kwenye damu, na hiyo ikipanda mishipa ya ubongo inatanuka, damu nyingi zaidi inakwenda kichwani ikiwa imebeba oksijeni hiyohiyo iliyozidi. Ndo maana 1.4 ya mtu anayehangaika kupenya tundu jembamba ni hatari kuliko 1.6 ya mtu aliyetulia ameshika kamba. Wewe hospitali mnaidhibiti kabonidayoksaidi, chini hakuna wa kuidhibiti zaidi ya pumzi zake mwenyewe.

Dalili unazijua lakini niwaandikie wengine: macho kuona kama kwenye bomba, masikio kulia, kichefuchefu, midomo na mashavu kuchezacheza, mtu kukasirika au kuwa na wasiwasi bila sababu, kizunguzungu. Wengi wanazikariri wakidhani zitakuja kwa foleni. Mara nyingi hazitangulii kabisa, la kwanza na la mwisho ni degedege.

SWALI: Kaka mambo. Najifunza mbizi za deko nipo Dubai, tunabeba mtungi wa 50 (gesi yenye oksijeni asilimia 50) na wa oksijeni tupu. Instrakta wangu kila tukibadilisha gesi anatuchelewesha na taratibu zake, nione mtungi, nimwonyeshe mwenzangu, nifuate paipu, mpaka tunapitisha muda. Kwani mtu hawezi kukumbuka tu kwamba oksijeni iko kushoto? — Mpemba wa Dubai

JIBU: Poa ndugu yangu. Mbusu mkono huyo instrakta.

Nikuulize, uko mita 21, unataka ile 50. Ukishika sahihi, 3.1 mara 0.5 ni 1.55. Ukishika ya oksijeni, ni 3.1 nzima. Na umeshasoma hapo juu mita 21 na oksijeni tupu ni nini: ni jaribio lilelile la Donald, dakika 7 au dakika 148. Na wewe umetoka kuogelea saa zima.

Miaka ya 1990 Florida watu walikufa kwa staili hii, watu wenye uzoefu, walioandika mipango mizuri kwenye slate (kibao cha kuandikia majini), mtungi wakaujua kwa rangi ya regyuleta au kwa upande uliokaa. Rangi kwenye maji yenye tope haionekani, na upande unabadilika, mkipita tundu jembamba umevua mtungi umeusukuma mbele, ukauvaa tena, sasa kushoto ni kipi? Anayetegemea kukumbuka anategemea ubongo ambao umelewa naitrojeni (kwenye kina inalevya kama pombe), umechoka, na una baridi.

Sasa nikwambie inavyotakiwa, kuanzia mezani. Mtungi ukitoka kujazwa unaupima mwenyewe, si fundi wa kompresa, wewe utakayeuvuta. Kipimo kwanza unakiweka kwenye hewa kisome 20.9, halafu unafungua valvu kidogo, gesi ipite polepole, unasubiri namba itulie, isiwe inapandapanda. Unaandika kwenye utepe: asilimia, tarehe, jina lako, na kina cha mwisho. Halafu ubavuni mwa mtungi, pande zote mbili, unabandika namba moja kubwa ya kina, 21 au 6, kubwa kiasi kwamba mwenzako aliye mita tatu nyuma yako anaisoma bila kukusogelea. Mimi jina la gesi kuandikwa makubwa silipendi, "OXYGEN" limeandikwa na mtu bado anaivuta mita 21. Namba ya kina inaongea moja kwa moja: upo 21, mtungi unasema 6, ondoa mdomoni.

Chini sasa. Valvu za mitungi ya deko zimefungwa safari yote, na regyuleta imekunjwa chini ya mpira wake. Umefika 21, unasimama, unaangalia kompyuta ikuambie 21 kweli. Unasoma namba ya mtungi. Unatoa regyuleta kwenye mpira, unaivusha shingoni, unafungua valvu ya mtungi huo. Hapo mkono wako unashika paipu kwenye valvu na kuteleza nayo mpaka inapoishia, uhakikishe iliyo mkononi mwako ndo inayotoka kwenye mtungi uliousoma, kwa sababu ukiwa na mitungi mitatu mapaipu yanapishana. Mwenzako anakutazama: anasoma namba, anafuata paipu kwa macho, anaona presha ya geji inatikisika ukivuta. Akitikisa kichwa unaacha. Akikuonyesha OK ndo unabadilisha, halafu unamfanyia yeye. Hiyo yote inachukua dakika moja, mkiizoea hata haifiki, na muda wa deko unahesabiwa kuanzia gesi iko mdomoni kwa hiyo hakuna unachopoteza.

Na pangoni kuna faida moja ambayo baharini huna: unarudi njia uliyoingilia. Kwa hiyo oksijeni haina haja ya kwenda chini kabisa. Unaiacha mlangoni mita 6, unaifunga kwenye kamba, ile 50 unaiacha 21. Mtungi ambao hukushuka nao hauwezi kuuvuta kimakosa mita 60. Ila sharti pango liwe linashuka tu. Yapo mapango yanayoshuka, yanapanda, yanashuka tena, kama lile la Plura kule Norway ambapo Wafini wawili walikufa mwaka 2014, na njia ya namna hiyo inavuruga mpango wote wa wapi uache nini, huko mimi nasema ni kwa watu wachache sana duniani.

SWALI: Sijui kama ni sehemu yake, ila nimetazama habari za yule mpiga mbizi aliyejirekodi akifa kwenye shimo Afrika Kusini. Yeye aliuawa na oksijeni? Alikuwa na mashine ya kisasa. — Msomaji, Eldoret

JIBU: Unamsema Dave Shaw, Mwaustralia, tarehe 8 Januari 2005. Shimo linaitwa Boesmansgat, liko jimbo la Northern Cape, maji baridi yasiyo na chumvi, mlango wake ni kama kimwanya halafu chini linafunguka kuwa ukumbi mkubwa wa giza. Nuno Gomes alishafika mita 282 humo mwaka 1996. Shaw alishuka 2004 akakuta mwili wa kijana aliyefia humo mwaka 1994, uko mita 270, akaahidi kurudi kuuchukua, na ndo aliporudi.

Hapana, haikuwa oksijeni, ilikuwa kabonidayoksaidi. Alikuta mwili hauko alivyoutegemea, umeanza kuelea, akawa anahangaika kuuingiza kwenye mfuko, nyaya za taa zikajinasa kwenye kamba, na kamera ya kofia ikarekodi pumzi zake zinavyoongezeka kasi. Kwenye kina kile gesi ni nzito, hata ukiweka heliamu nyingi, mapafu yanafanya kazi ngumu kuisukuma nje na kabonidayoksaidi inabaki ndani, ikibaki unahema zaidi, ukihema zaidi unafanya kazi zaidi. Rafiki yake, Don Shirley, aliyepangwa kukutana naye njiani, akashuka kumfuata, kifaa chake cha elektroniki kikashindwa na presha, nusura naye abaki. Baada ya siku nne, walipokuwa wanavuta vifaa, miili yote miwili ikapanda pamoja.

Siku hizi wataalamu wanashauri uzito wa gesi usizidi gramu 5.2 kwa lita, sawa na hewa ya kawaida kwenye mita 31 hivi, na wakikubana sana 6.2. Ukiuliza hayo yanahusiana vipi na mada yetu, rudi jibu la nesi: kabonidayoksaidi ikipanda, hata oksijeni iliyokuwa ndani ya mpaka inakuwa nyingi.

Kuhusu mashine. Ile inaitwa ribriza, inazungusha pumzi yako, inapitisha kwenye chokaa inayonyonya kabonidayoksaidi, inaongeza oksijeni kidogokidogo ili ibaki kwenye kiwango ulichoseti, tuseme 1.2 au 1.3, kina chochote. Inajuaje iko ngapi? Kwa sensa, kawaida tatu, na kompyuta inazipigisha kura: mbili zikikubaliana, ya tatu inaonekana muongo. Hapo ndo penye shimo. Sensa hizi zinachakaa kama betri, na ikizeeka inafika mahali haiwezi kusoma zaidi ya, tuseme, 1.2 hata oksijeni iwe 1.8. Mbili zikizeeka pamoja kwa sababu ulizinunua siku moja, zinaishinda ile nzima kwa kura, mashine inaona bado oksijeni haitoshi inaongeza, inaongeza, na wewe unatazama skrini inasema kila kitu sawa. Kwa hiyo wenye akili hawanunui sensa tatu tarehe moja, na kwenye mita 6 wanaijaza mashine oksijeni tupu waone kama kila sensa inafika 1.6 kweli. Isiyofika haiingii pangoni, hata kama imebaki moja dukani na safari ni kesho.

SWALI: Kaka samahani, mimi si mpiga mbizi, mume wangu ndiye. Tuko Florida, kila wikendi yuko kwenye mapango na wiki ya likizo alizama kila siku. Akirudi ananiambia kifua kinamuwasha akivuta pumzi kwa nguvu, kakohoa siku mbili, na sasa anasema vitu vya mbali havioni vizuri. Akiwa na mafua anameza vidonge vya kufungua pua na anaenda. Nikimwambia ananiona nina wivu na maji. — Mama wawili

JIBU: Dada yangu huna wivu wowote, una macho.

Hiyo ni oksijeni ya upande wa mapafu, ya polepole. Degedege ni la dakika, hii ni ya masaa na siku. Ukivuta oksijeni ya juu ya 0.5 kwa muda mrefu njia za hewa zinawashwa, mtu anakohoa, kifua kinauma akivuta pumzi ndefu. Wana kipimo chake, uniti moja ni dakika moja ya oksijeni tupu kwenye bari 1, na kwenye 1.4 kila dakika unakula uniti 1.6 hivi. Mtu anayezama siku moja anaweza kubeba mpaka 850, ila anayezama kila siku kwa siku nyingi mfululizo kiwango kinashushwa mpaka 300 kwa siku. Mwambie akufungulie kompyuta yake mkae mezani muhesabu wiki yake ile ya likizo, ataona mwenyewe.

Macho nayo yanajulikana, oksijeni nyingi ya siku nyingi inaibadilisha lenzi ya jicho kidogo, mtu anaona karibu vizuri mbali hapana, na kwa kawaida inarudi akipumzika wiki kadhaa. Asikimbilie kununua miwani mipya. Ila amwone daktari wa macho na wa kifua, na amwambie ukweli anazama kiasi gani.

Vidonge vya kufungua pua, vile vyenye pseudoephedrine vinachangamsha ubongo na mapigo ya moyo, na vinashukiwa kuongeza uwezekano wa degedege la oksijeni. Hakuna mtu anayejua vizuri kiasi gani, lakini mbona iwe yeye wa kupimia? Na mafua yenyewe yanatosha kumweka nyumbani, masikio hayatafunguka, homa nayo ni kichocheo. Mwambie shemeji yake wa gazetini kasema wikendi hii aende sokoni na wewe.

SWALI: Acheni kutisha watu. Mimi nafika mita 60 kwa hewa ya kawaida na sijawahi kuona hizo degedege. — Papa wa Pwani

JIBU: Papa, mita 60 kwa hewa ni bari 7 mara 0.21, karibu 1.47, ukiteleza mita sita tu zaidi uko 1.6 na hujatulia. Na umelewa naitrojeni kiasi kwamba hata hizo mita sita hutajua. Sheck Exley, Mmarekani aliyekuwa anafahamu mapango kuliko karibu kila mtu wa zama zake, miaka ya 1970 alikaa akachambua vifo vya mapangoni, akatoa vitu vilivyokuwa vinajirudia: watu hawakuwa na kamba isiyokatika mpaka nje, hawakubakiza theluthi mbili za gesi kwa ajili ya kutoka, na walienda kina kirefu mno kwa hewa. Wengine wakaongezea mafunzo na taa. Huyo huyo Exley akafia El Zacatón, Mexico, tarehe 6 Aprili 1994, akitafuta kupita mita 300, kwa hiyo sisemi alikuwa malaika. Lakini kuhusu hewa ya kawaida alikuwa sahihi, na wewe bado una nafasi ya kununua heliamu. Najua ni ghali.

SWALI: Mwenzangu akishikwa na degedege nikiwa naye mita 6 kwenye deko nifanyeje? Tafadhali jibu fupi nilikariri. — Mwanafunzi, Mombasa

JIBU: Fupi basi. Kama regyuleta bado iko mdomoni, mshike kwa nyuma, mkono mmoja uibane mdomoni isitoke, subiri mtikisiko ukatike ndo umpandishe, usimpandishe akiwa anatikisika. Kama imeshatoka usipoteze muda kuirudisha, mpandishe moja kwa moja, deko yake tutaitibu kwenye chemba, kuzama hatutatibu. Yako wewe je? Kama una deko kubwa iliyobaki na juu kuna watu, waachie hao wa juu, mjazie hewa kwenye jaketi lake la kuelea apande, wewe ubaki. Kwa hiyo kabla hamjaingia hakikisheni juu yupo mtu, mwenye boya, oksijeni ya huduma ya kwanza na simu yenye chaji.

Jambo moja zaidi: degedege linaweza kuja dakika chache baada ya kuwa umeshabadilisha kwenda gesi yenye oksijeni ndogo, Donald aliliona hilo pia. Kwa hiyo mwenzako akikuonyesha kwamba midomo inamchezacheza, mbadilisheni gesi upesi, ila usimwachie mkono hapohapo ukaenda kupanga mitungi. Kaa naye uso kwa uso.

Na kama ni ndani, bado mna dari juu ya vichwa, mbane regyuleta mdomoni na uanze kutoka naye kwa kamba. Kuna wanaovaa mkanda wa kushika regyuleta mdomoni, kama wanajeshi wa Ufaransa na watu wengi wa ribriza, na kwa mtu anayezama peke yake au kwenye mapango marefu naona ni hela iliyotumika vizuri, unauzwa kama mkanda wa mpira tu, uliza duka lolote la vifaa vya ribriza.